Koti la Kijani: Kumkumbuka Mama Yetu, Zainab binti Msabaha

Umetimia mwaka mmoja sasa, Mama, tangu Jumanne ile ulipotuaga mchana kweupe, jua la London limetoka kama limetumwa.

Mtaa wetu mzima wa Barking ulikujua kwa mkoba wako mweusi wa kazini na viatu ulivyokataa katakata kuvitupa. Miaka ishirini na miwili ulihudumia wazee wa watu majumbani mwao. Uliwaosha, uliwalisha, ukawachana nywele, na hukumwinulia sauti hata mmoja.

Katika hao alikuwepo Miss Wexcombe, ajuza asiye na mume wala mtoto. Alisahau jina lake, akasahau kama amekula. Kimoja tu hakikumtoka: maisha ya babu wa mababu zake, Sir Ambrose, mwenye mashamba makubwa na kiti Bungeni, miaka mia mbili na sitini iliyopita. Alikusimulia kila siku ukimvisha soksi. Siku moja akakushika mkono: "Zainab, usimwache akafa." Ukaahidi.

Ukaja na kisa cha Sir Ambrose nyumbani. Baba akikutania, "Haya, mzungu wako leo kafanya nini?" Nawe huku unakuna nazi ukatueleza alivyorithi ardhi akiwa na miaka kumi na tisa, alivyoogopa farasi hata akazunguka mashamba yake kwa miguu, na alivyokaa Bungeni miaka thelathini na moja bila kufungua kinywa. Mpaka ulipokuja mswada wa kuzungushia uzio malisho ya maskini. Yeye ndiye angefaidika kuliko wote. Akasimama.

"Ardhi hii nimeipita yote kwa miguu," akasema, "na sijaona mahali ilipoandikwa jina langu."

Wakamcheka. Sheria ikapita, kiti akakikosa. Lakini kwenye ardhi yake hakujenga uzio hata mmoja mpaka anakufa. Hapo sauti yako ilishuka, maana shamba la mikarafuu la babako kule Wete lilichukuliwa ukiwa mtoto. Sisi tulibaki midomo wazi, chakula kinapoa.

Malak, kitinda mimba wako, alisikia yote, lakini akijibu ni Kiingereza: "And then, Mum?" Ulikuwa ukiguna: "Kisa hiki kitazikwa na mimi."

Siku ile hospitalini ulikianza tena. Ulipofika pale Sir Ambrose anapoinuka, pumzi ikakuishia. Malak, ambaye Kiswahili chake tangu azaliwe hakikuvuka "sawa", akakusogelea.

"Basi akasimama," akasema, "na koti lake jekundu..."

Ukafumbua macho. "La kijani, mwanangu."

"La kijani, Mama."

Akakimaliza chote, mpaka kwenye uzio ambao haukujengwa. Uso wako ulivyong'aa, Mama, hatujapata kuona mfano wake. Baada ya hapo ulitamka shahada, basi.

Ijumaa iliyopita Malak alikuwa jikoni akimsimulia mwanawe. Mtoto akamvuta nguo: "And then, Mum?" Malak akacheka huku analia, akaendelea kwa Kiswahili.

Unakumbukwa na mumeo Mansour, wanao Hafidh na Malak, mkweo Imran, mjukuu wako Nassor, ndugu zako wote wa Wete, na Reshma wa mlango wa pili, ambaye bado anagonga ukutani chai ikiwa tayari.

Hatutakusahau maisha, Mama. Na koti lilikuwa la kijani.