Vigelegele kwa Wanawake wa Kiwandani

Buffalo, Novemba 2015

Mdogo wangu Espérance,

Hamjambo hapo Highview? Huku upepo wa ziwani unapenya mpaka kwenye soksi. Jana niliingia makumbusho kuota joto tu, nikakuta wanaonyesha sinema ya habari ya wakati wa vita vile vya pili vya dunia. Wanawake wa hapa hapa, vitambaa kichwani kama sisi, wanaunda ndege! Ndege ilipotoka kiwandani nikashindwa kujizuia, nikapiga vigelegele. Mlinzi akaja mbio akidhani nimeumia.

Bibi mmoja mzungu aliyekaa karibu yangu akanishika mkono. "Mama yangu alifanya kazi ile," akasema. "Wanaume waliporudi kutoka vitani, akaambiwa asante, nenda nyumbani. Mpaka uzeeni, ndege ikipita aliacha sufuria motoni akatoka nje kuitazama."

Tangu hapo sijatulia, hata chai hainyweki. Nasikia mumeo amepata kazi, sasa anataka wewe uache ya kwako kule Jeffersontown. Usiache! Nibusie watoto.

Na wewe shemeji, najua umeisoma kadi hii kabla yake. Haya, mpe mwenyewe. Na beji yake ya kazini mwachie.

Dada yenu,
Jeanine