Glavu za Mzee Kenji

Jumamosi, Greenbelt, Marekani

Mzee Kenji, jirani yangu wa bustani, amenikera tena. Nilikuwa nang'oa magugu kwa mikono mitupu, akaniletea glavu.

"Vaa, binti yangu."

"Sisi watu wa Murang'a tumezoea shamba, mzee."

Akakaa chini, akanisimulia. Wazazi wake walitoka Japani wakawa vibarua wa kahawa huko Brazili, katika kijiji kisichokuwa na daktari. Mama yake alichomwa na mwiba, kidonda kikaoza. Kenji alikuwa na miaka sita walipomzika.

"Naye alisema amezoea," akaniambia.

Nikavaa bila ubishi. Zilinipwaya, lakini tulipalilia pamoja mpaka tukamaliza matuta yote ya maharagwe.

Mama yangu bado anachuma kahawa kule nyumbani. Sijawahi kumuuliza mikono yake iko namna gani.