Sura Yako Haimo

Mama Neema, mke wangu uliyelala Kisesa,

Ninakuandikia nikiwa sina amani, wala sitaki kukuficha.

Tangu tulipokuzika, mji umebadilika. Bidhaa za nje zimejaa madukani, na pale Mirongo mama mmoja wa kanisani kwetu amefungua chumba cha kompyuta zenye intaneti. Neema ndiye aliyenipeleka, ili nisishinde nyumbani nikitazama ukuta. Humo nimeviona vitabu vya kale vya mababa wa imani, vile ambavyo nilipokuwa chuo cha dini tuliviangalia kupitia kioo cha kabati lililofungwa. Sasa viko wazi, asome atakaye. Nimeona michoro ya makanisa ya mbali. Nimeona hata sinema fupi ya watu waliokufa zamani, wakitembea na kupunga mikono. Vyote bure, mke wangu. Bure!

Nikakukumbuka ukichambua dagaa barazani, nami nikikusomea habari za wafalme wa Israeli. "Baba Neema, ruka hayo majina, twende kwenye vita!"

Ndipo tumaini likaniingia. Unajua hatuna picha yako hata moja. Ile pekee uliyopigwa, ukiwa sokoni Mwaloni na beseni la dagaa kichwani, mgeni wa misheni aliondoka nayo kwenda Ulaya. Nikawaza: ikiwa wafu wasiojulikana hata majina wamo humu, mke wangu naye hakosi kuwamo. Nikamwomba yule mama aandike jina lako. Akaandika la ubatizo, akaandika na la ukoo. Kisha akanishika mkono. "Mzee wangu, humu wamo waliowekwa na mtu. Mama hakuna aliyemweka."

Sikukoma. Nilirudi tena na tena, nikatafuta miongoni mwa wanawake waliochorwa, angalau mmoja anayefanana nawe. Nikampata, amepiga magoti kisimani. Picha ilishuka polepole, mstari kwa mstari: paji la uso, macho, kisha kidevu chako. Nililia mbele za watu.

Na sasa nimeangamia. Nikifumba macho nisali, anakuja yule wa kisimani. Kovu la shavuni mwako limefutika. Lile pengo la meno, ulilokuwa ukilifunika kwa kiganja ukicheka, lilikuwa upande gani? Nakuuliza, lilikuwa upande gani? Neema naye hana hakika. Namlilia Mungu anirudishie uso wako.

Pumzika, mke wangu. Nakuahidi sitaifungua tena picha ile, hata nikibaki na giza tupu mahali ulipokuwa. Na asubuhi ya ufufuo, tutakapokuwa wengi, usikae ukingoja nikutambue. Niite wewe kwanza. Niite kwa nguvu, bila kuona haya mbele ya malaika, maana sauti yako bado ninayo.

Mumeo.