Ile M kwenye chupa ya wino

Jumanne. Joto la Oktoba limetukalia kichwani, mawingu yanapita juu ya mtaa wetu wa Katuba kila siku bila kuangusha hata tone, na mimi nina hasira tangu asubuhi. Nilifikiri nikikaa hapa niandike itapungua. Naona inaongezeka.

Kwa asiyenijua: kazi yangu ni kuchapa picha kubwa, zile za kutundika sebuleni. Nina mashine moja ya wino wa rangi nane, ndiyo inayonilisha na ndiyo inayonipandisha presha. Katriji zake za kiwandani zina kidude cha shaba kinachohesabu matone. Kikisema wino umekwisha, mashine inagoma, hata kama ukiitikisa katriji unausikia wino ukicheza ndani. Yaani unalazimishwa kutupa kitu ambacho hakijaisha! Aliyebuni kidude kile namwombea safari ya barabara mbovu ya Kasomeno wakati wa mvua, kwenye kiti cha nyuma kabisa.

Kwa hiyo sisi tunatumia katriji za kujaza wenyewe, zisizo na kizuizi hicho. Chupa ya wino, bomba la sindano na mkono usiotetemeka. Na mkono usiotetemeka katika duka hili si wangu, ni wa dada yangu mkubwa, Odette, ambaye kwa heshima ya ukubwa wake tunamwita Yaya. Yeye akivuta wino hakuna povu, akisukuma hakuna tone linalobaki mezani. Mimi nikijaza, mtu akiingia anadhani nimechinja kuku.

Lazima niseme kitu kimoja kumhusu, la sivyo hasira yangu ya leo haitaeleweka.

Yaya hakupelekwa shule. Nyumbani kwetu wavulana ndio tuliopelekwa, yeye akabaki kutubeba mgongoni. Miaka yote hiyo ukimpa karatasi yoyote, iwe barua, iwe risiti, iwe mwaliko wa harusi, alikuwa anakurudishia na kusema, "Miye sikusoma." Alilisema bila aibu, kama mtu anavyotaja jina lake. Baada ya kufiwa na mume alikuja kunisaidia dukani, kisha akajiandikisha kwenye darasa la watu wazima la parokia, yeye na nywele zake zenye mvi, na daftari kwenye mfuko wa plastiki. Sasa anasoma ujumbe wa simu mwenyewe, midomo ikitembea. Lile neno la "sikusoma" nilikuwa sijalisikia tena tangu hapo.

Haya. Asubuhi nilienda uwanja wa ndege wa Luano kuchukua roli ya karatasi iliyokuja kwa ndege. Walinikalisha. Wakanituma dirisha hili, dirisha hili likanituma dirisha lile, lile likaniuliza kwa nini sikuanzia hili. Mwishowe roli ikatoka, kona moja imepondeka, na yule aliyenipa akaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyeipiga teke. Nilirudi mjini nimejaa hasira, nikitafuta tu mtu wa kummwagia.

Dukani nikamkuta Mama Kapinga ameshakaa kwenye benchi na wanafunzi wawili waliokuja kwa picha za kitambulisho. Mama Kapinga anauza vitambaa, wazazi wake walitoka Kasai, na sauti yake huisikii kwa sikio moja. Binti yake amemaliza chuo kikuu pale Kasapa, wa kwanza katika ukoo wao, na Jumamosi kuna sherehe. Aliagiza picha ya karibu urefu wa mlango, binti akiwa amevaa joho na ukanda mwekundu.

Yaya alinipokea roli akaniambia, "Deo, nimejaza ile ilikuwa inaisha." Nikasema sawa. Sikuuliza ni ipi. Sikuchapa hata ile karatasi ya majaribio inayoonyesha mistari ya kila rangi, ambayo mimi mwenyewe humfokea mtu akiiruka. Nilikuwa na haraka, na tuseme ukweli, nilikuwa na majivuno. Nilitaka Mama Kapinga aione picha ikitoka, ashangae, akawahadithie wenzake sokoni.

Alishangaa.

Paji la uso lilitoka na rangi ya majivu. Yakafuata mashavu, nayo majivu yenye ukijani. Midomo ikatoka kama ya mtu aliyetolewa mtoni. Ule ukanda mwekundu, ambao mama wa watu ameusubiri miaka mitano, ulikuwa mweusi tii.

Mama Kapinga alisimama polepole. "Papa Deo, mutoto wangu iko muzima. Juu ya nini munamufanya maiti?" Kisha akaigeuzia picha mgongo na kuanza kukemea kwa jina la Yesu, humo humo dukani, wanafunzi wakiangaliana.

Nikafungua mashine. Katriji ya majenta, ile rangi ya waridi kali ambayo bila yake huwezi kupata ngozi ya mtu, wala midomo, wala ukanda mwekundu, ilikuwa imejazwa wino mweusi.

Nikamgeukia Yaya. Nitaandika nilichosema kama nilivyokisema, maana nikikilainisha hapa nitakuwa mwongo mara mbili.

"Ile masomo yote ya paroisse njo hivi? Hata lettre moja, herufi moja, inakushinda kusoma?"

Mbele ya Mama Kapinga. Mbele ya wale watoto wa watu.

Yaya hakupandisha sauti. Alisema tu, "Deo, miye nilisoma. Nilisoma M." Akavua aproni yake, akaikunja mara mbili, akaiweka juu ya kiti, akachukua mfuko wake na kutoka. Afadhali angeitupa ile aproni. Mtu akitupa kitu na wewe unapata cha kujibu.

Sikumfuata. Nilijiona nina haki kabisa. Nilimwambia Mama Kapinga arudi Alhamisi, nikawapiga picha wanafunzi bila kuwaambia watabasamu, nikafunga mlango.

Mchana kutwa nimekuwa nikisafisha. Nimeitoa katriji, nimeimwaga, nimeisuuza mpaka maji yakatoka meupe, nimeijaza majenta, kisha nimeiamuru mashine ijisafishe kichwa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila mara inakunywa wino wa rangi zote, hata zile zisizo na kosa lolote, na kuutapika mahali ambapo hautarudi. Nilikuwa naongea peke yangu. Namtukana mwenye kiwanda, nawatukana watu wa Luano, na katikati ya hayo nilikuwa nasema, muntu anasoma miaka miwili, M anaiona wapi?

Nikaishika chupa ya wino mweusi niirudishe kwenye rafu.

Ina kipande cha plasta nyeupe. Juu ya plasta kuna M.

Mwandiko ni wangu. M ile yenye mguu wa mwisho mrefu, kama ninavyotia sahihi.

Nilikaa chini. Nikakumbuka vizuri sana, na natamani nisingekumbuka. Yaya alipoanza darasa, mimi ndiye niliyesema asisumbuke na Kifaransa cha kwenye chupa. Nikabandika plasta, nikaandika herufi za Kiswahili: M ya mweusi, N ya njano, B ya buluu, W ya waridi, na nyingine hivyo hivyo. Nikabandika vilevile kwenye katriji. Nikamwambia, Yaya, herufi ya chupa ifanane na herufi ya katriji, basi, hautakosea. Na hakukosea hata siku moja.

Wiki iliyopita nilitoa katriji zile nikaweka mpya. Sikubandika plasta. Nilisema nitafanya kesho. Katriji mpya zina herufi zake za kiwandani, na kiwandani M ni majenta.

Yaya aliona katriji yenye M inaisha, akatafuta chupa yenye M, akajaza bila povu na bila tone mezani. Alifanya kile nilichomfundisha. Alisoma, akasoma sawasawa, na mimi nikamwambia mbele za watu kwamba hajui kusoma.

Sasa naungama jambo ambalo hakuna aliyeliona. Nilipoitambua ile M, kitu cha kwanza nilichofanya si kujuta. Niliingiza ukucha chini ya plasta nikaanza kuibandua. Nilifikiri, nikiitoa, nani atajua? Yaya mwenyewe atadhani macho yalimdanganya. Nilifika katikati ya herufi. Mguu ule mrefu umeshatoka. Hapo ndipo nikajichukia kweli, hasira ya asubuhi nzima ikahamia kwangu yote na mizigo yake. Mtu wa miaka arobaini na minne, anakwaruza plasta ili dada yake mkubwa abaki mjinga!

Chupa iko hapa mezani naiangalia. Haisafishwi wala haiandikwi upya. Alhamisi Mama Kapinga akija kuchukua picha yake, ambayo nimeshaichapa tena na binti amependeza na ukanda unawaka, nitamwonyesha chupa hii kabla ya kumwonyesha picha. Nitamweleza M ni ya nani. Wale wanafunzi sijui nitawapata wapi, lakini picha zao bado ziko hapa, watakuja, nao nitawaambia. Neno lililotoka mbele za watu haliwezi kurudi kwa mlango wa nyuma.

Nimempigia Yaya simu mara nne. Inaita tu.

Basi nimemwandikia. Nimeandika taratibu, kwa maneno mafupi, si kwa sababu namdharau, ila kila neno nililipima kabla ya kuliandika: "Yaya, ulisoma bizuri. Ni miye njo niliandika bibaya. Siku ya ine, Alhamisi, Mama Kapinga atarudia, nitamuambia mbele yako. Nakuomba ukuye."

Nikaweka simu juu ya aproni yake, pale kwenye kiti, nikaendelea kuandika hapa. Nilikuwa bado na hasira na kila kitu, na joto, na mawingu haya yasiyo na maana.

Sasa hivi imelia. Hakuandika kama atakuja. Hakuandika kama amenisamehe. Kuna neno moja tu, limeandikwa bila kosa hata la herufi, na nukta mwishoni.

"Nimesoma."