Pampu Isiyo na Sauti

Baba mpendwa,

Shikamoo, wewe na Mama. Magoti yanasemaje na baridi ya Nyakitonto? Mimi ni mzima, ila mabega.

Dada alinipigia, akasema huwezi tena kupanda miti, na jirani yetu Filimoni anaiomba mizinga yako ya nyuki. Umpe, au unisubiri? Sikujibu haraka kwa sababu hapa kiwandani nilikuwa na langu.

Unajua tunayeyusha alumini chakavu, tunaichota tanuruni kwa upawa mrefu na kuimimina kwenye kalibu za sufuria. Sasa wameleta pampu. Haina mapanga kama ya feni wala kitu kinachozunguka. Fundi anasema umeme na sumaku ndivyo vinavyoisukuma alumini ndani ya bomba la udongo mgumu. Baba, haina sauti kabisa.

Siku ya kwanza fundi aliiwasha, tukasubiri. Kimya. Nikadhani alumini imeganda ndani. Mkono wangu ukafanya ulivyozoea: nikachukua koleo, nikagonga bomba, nikatega sikio, kama tunavyogonga mzinga kujua iwapo nyuki wamehamia. Bomba likapata ufa. Alumini ikavuja, ikagandia kwenye mchanga. Hakuna aliyeungua, Mungu mkubwa.

Fomeni akapiga kelele: “We Muha! Unatafuta asali kwenye moto?”

Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mpaka leo wananiita Mrina Asali.

Nilijua nimefukuzwa. Bomba lilipobadilishwa, fomeni akasema wachotaji wote tunaondoka, abaki mmoja wa kuiangalia pampu. Akaninyooshea kidole. “Baki wewe. Wewe peke yako ndiye unayejua pasipogongwa.”

Nikabaki wiki nzima, nimesimama tu, alumini inatiririka yenyewe. Mikono ilipopumzika ndipo nikasikia uchovu wa miaka yote. Na masikio yangu, Baba, yalikuwa yanatafuta kitu pale, hayakipati.

Nimemwomba fomeni nafasi yangu ampe Hamisi, mwenzangu wa upawa, mwenye watoto wadogo. Amesema mimi mjinga, lakini amekubali. Mwisho wa mwezi napanda basi la Kasulu.

Msalimie Mama, na shangazi wa Nyabibuye akija. Filimoni mwambie asikasirike, nitamrinia debe la kwanza.

Mizinga usimpe mtu. Na ule ulio juu ya mninga usiuguse. Nataka niugonge mwenyewe, nisikie ukijibu.

Ni mimi mwanao,
Yohana