Taa Nne za Lori la Buluu

Likoni, 4 Februari 1991

Ndugu yangu Matano,

Asalaam aleikum. U hali gani huko Miritini, na ufundi waendaje? Sisi tu wazima, isipokuwa baba. Juzi alikuwa akienda swala ya alfajiri kwa baiskeli, lori likamjia na taa kali hata asione tena barabara. Ametumbukia mtaroni na mguu umevunjika. Lori halikusimama. Nyamvula muuza mahamri aliliona: la buluu, na juu ya bampa lina taa nne mbali na zake za kawaida. Wewe ndiye fundi wa umeme wa malori, tuulizie ni la nani.

Dadako, Mwanasaumu

Miritini, 20 Februari 1991

Dada,

Waaleikum salaam. Mimi sijambo, ila habari ya baba imenikata maini. Mpe shikamoo yangu. Malori ya buluu hapa ni mengi, na madereva wana ushindani wao: anayepunguza taa kwanza huchekwa hadi Mariakani. Si rahisi kumjua mwenyewe. Nawaletea dawa ya kuchua. Tumwachie Mungu.

Nduguyo, Matano

Likoni, 11 Machi 1991

Matano,

Hujambo? Baba yuko vile vile, kitandani. Dawa ya kuchua mguu uliovunjika, wallahi, ndiyo kwanza naisikia kwako.

Polisi wamelipata lori. Mwenyewe kaonyesha stika ya ukaguzi ya Januari, na karatasi yasema halina taa za ziada. Basi aliyeshtakiwa ni baba, kwa sababu baiskeli yake haina taa ya mbele. Mzee wa miaka sabini, njiani kwenda msikitini, ndiye mvunja sheria! Tarehe nne Aprili atabebwa mahakamani, na Nyamvula ataitwa mwongo. Nina hasira hata uji haunishuki. Hebu niambie wewe fundi, taa nne zapitaje mbele ya mkaguzi asizione?

Dadako

Miritini, 22 Machi 1991

Dada,

Salamu nyingi. Mkaguzi hazioni kwa sababu siku hiyo hazipo. Asubuhi ya ukaguzi mimi huzifungua, na lori likirudi na stika huzifunga tena. Malori yote ya tajiri wangu hufanyiwa hivyo, nasi mafundi tumezoea. Lile la buluu ni kazi ya mikono yangu. Dereva aliniomba niziinue kidogo ili anayekuja mbele ashindwe, nami nikaziinua. Barua yako ya kwanza nilipoisoma nilijua. Tajiri asema nikinyamaza nitabaki kazini. Nataka kuja kumwomba baba msamaha.

Nduguyo, Matano

Likoni, 29 Machi 1991

Matano,

Leo salamu sina. Barua yako nimemsomea baba. Akasema nikuandikie hivi: "Asije kuniomba msamaha hapa kitandani, ambapo hakuna anayesikia. Aende mahakamani akaseme aliyoyaandika. Akitoka huko, ndipo aje nyumbani."

Mimi siku hiyo nitapika. Sahani yako nitaiweka nikikuona mahakamani.

Dadako, Mwanasaumu