Mwaka wa Kuchapwa wa Ramani ya Kizuka

Jumatano, Rumonge. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi sina nguvu ya lolote.

Nilidhani orodha ya marejeo ndiyo sehemu rahisi ya kazi yangu ya kumaliza chuo. Ofisi iliyochora, jina la ramani, kipimo, mwaka wa kuchapwa, basi. Kumbe ramani moja ya Kizuka, huku huku Burundi alikozaliwa Mama, itanitoa jasho. Ilichapwa baada ya 1972. Lakini pembeni, kwa herufi ndogo, wameandika kwamba ilichorwa kutokana na picha zilizopigwa na ndege karibu na wakati wa Uhuru, mwaka 1962.

Yaani zile nukta nyeusi kati ya michikichi ni nyumba ambazo, ramani ilipotoka, hazikuwa na watu tena: waliuawa au walikimbia katika mauaji ya 1972.

Niliandika miaka yote miwili. Profesa anayenisimamia akafuta mmoja. Kanuni inataka mwaka wa kuchapwa tu, na kazi inapelekwa kesho.

Mchana nilitandaza ramani mezani nihakiki mara ya mwisho. Mama akaacha ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, akaja kuuliza kwao kulikuwa wapi. Nikamwonyesha nukta moja karibu na mto. Mwaka 1972 alikuwa mtoto. Alivushwa ziwa hadi Kigoma pamoja na dada yake, baba yao akasema atawafuata. Hakufika, na hakuna aliyeuona mwili wake.

“Na hii karate, hii ramani, iko ya mwaka gani?”

Nikamsomea nilivyoandika, mwaka wa kuchapwa tu, mjinga mimi.

Akaweka kidole juu ya ile nukta. “Kumbe papa, baba yangu, alikuwa angali hai.”

Nikamweleza habari za ndege, picha, uchapaji. Alinisikiliza vizuri tu, halafu akasema, “Lakini ni weye umeandika huo mwaka, mutoto wangu. Mu kazi ya chuo.”

Ni kweli, nimeandika mimi.

Nimemkasirikia profesa, nimeikasirikia kanuni, na hasira yote haijanisaidia kitu. Kesho nitapeleka kazi kama ilivyo, maana bila saini yake sihitimu.

Sasa hivi Mama yuko chumba cha pili, anazungumza kwa simu na mama mkubwa, yule dada yake aliyebaki Kigoma. Anamwambia papa hakufa ule mwaka, nyumba ilikuwa imesimama, iko kwenye ramani. Analia na kucheka. Sijamsikia akicheka hivi siku nyingi.

Nikiingia nimnyang'anye simu, nitawaambia nini? Kwamba baba yao amekufa tena?